Kamba ya Sajini

Mzee Muthamia alikubali kuhamia Embu kwa sharti moja tu: Sajini aje naye. Alilitamka sharti hilo akiwa bado kitandani hospitalini Meru, upande wake wa kushoto umelala kwa kiharusi na ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Binti yake Susan, aliyekuwa akimkunjia nguo, alidhani hakusikia vizuri.

“Sajini yupi, Baba?”

“Mbwa wangu. Kwani nina Sajini wangapi?”

Mwongera, kaka yake Susan, alicheka akidhani mzee anatania. Mzee hakuwa akitania. Tayari alikuwa amemeza jambo zito kuliko hilo, maana kwa mtu wa Githongo, kijijini huko Meru, wa umri wake, kwenda kula na kulala nyumbani kwa mume wa binti yake halikuwa jambo la kujivunia. Lakini Mwongera alikuwa mseja, anashinda kwenye shamba la kahawa kutwa nzima, na hakukuwa na mtu wa kumpikia mgonjwa wala wa kumfikisha kliniki ya viungo. Gachoki, mume wa Susan, alikuwa amempigia simu yeye mwenyewe kumkaribisha. Mzee alishukuru, kisha akataja mbwa.

Kwa hiyo Sajini alifika Embu nyuma ya pikapu, amefungwa mnyororo kwenye chuma, amesimama njia nzima. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, na begani alikuwa na mistari mitatu myeusi iliyofanana na tepe za askari. Ndiyo iliyompa jina. Maisha yake yote aliyapitisha kwenye mnyororo kando ya stoo ya kahawa, anafunguliwa giza likiingia na kufungwa kukipambazuka. Kwa watu alikuwa mpole ajabu. Siku ya kwanza alilala mlangoni pa Susan na kumwacha kila mtu amruke. Mbwa wenzake ndio hakuwajua. Wale pekee aliowahi kuwaona ni waliokuja kumtafutia ugomvi kwenye ua, na aliwajibu wote kwa namna moja.

Daktari wa viungo alikuwa amesema mzee atembee kila jioni, mbali kidogo kuliko jana yake, la sivyo mguu utakauka. Mzee alikataa katakata kutembezwa na binti yake. “Nitaonekana kama mtoto anayepelekwa shule,” alisema. Lakini kutoka na mbwa wake, hilo alilikubali. Mtu na mbwa wake ni watu wenye shughuli zao.

Hivyo wakaanza. Mkono wa kulia wa mzee ulishika bakora, na mnyororo wa Sajini ukazungushwa kwenye kifundo cha mkono huohuo. Susan, aliyekuwa karani katika ofisi za kaunti, alitoka kazini jioni na kuwafuata kwa nyuma, akijifanya anaenda dukani. Jioni chache za mwanzo zilipita salama, kwa bahati tu.

Kisha siku moja wakapita mbele ya buchari ya Idrisi.

Idrisi alikuwa mzee wa mjini, mzaliwa wa Embu, Mwislamu ambaye baba yake pia alikuwa mchinjaji. Nyuma ya buchari yake kulikuwa na zizi la mbuzi, na zizi hilo lililindwa na mbwa jike mzee aliyeitwa Taiga. Mchana Taiga alilala chini ya benchi la wateja na hakumsumbua mtu. Siku hiyo aliinua tu kichwa.

Susan aliona bega la baba yake likivutwa kabla hajaelewa kinachotokea. Mnyororo ulinyooka, bakora ikaruka, na mzee akaburutwa hadi kwenye mtaro. Sajini alikuwa tayari amemfikia Taiga na kumkamata sikio. Watu walipiga kelele, wengine wakaja na mbao, wakampiga Sajini mgongoni, na kila alipopigwa alizidi kung'ang'ania. Idrisi ndiye aliyetoka na ndoo ya maji ya kuoshea sakafu na kuwamwagia wote wawili kichwani. Sajini akaachia, akapiga chafya. Susan aliurukia mnyororo, akaufunga kwenye nguzo ya umeme, kisha akaenda kumtoa baba yake mtaroni.

Mzee hakuvunjika. Aliteguka kifundo cha mkono na kuchubuka shavu. Lakini kuanzia siku hiyo hakutoka tena nje ya geti. Asubuhi alikaa kwenye baraza, Sajini miguuni pake, jioni ikamkuta papo hapo. Susan alimbembeleza, akamkaripia, Gachoki naye aliporudi mwisho wa mwezi kutoka kwenye kazi yake ya ujenzi Isiolo akajaribu kwa heshima zote za mkwe. Mzee alijibu kwa upole kwamba amechoka. Kila wiki mguu wake wa kushoto uliburuta zaidi kidogo alipokwenda msalani.

Majirani walikuwa na ushauri wao. “Mtilie dawa kwenye nyama,” mmoja alimwambia Susan kwenye kibanda cha mboga, kwa sauti ya kawaida kabisa. “Mbwa wa aina hiyo hapatani na mji.”

Susan alichelewa kwenda kwa Idrisi kuomba radhi, kwa aibu. Alipokwenda, alibeba sukari na majani chai, akasimama mbele ya dirisha la buchari akisubiri wateja waishe.

“Mama Igoki,” Idrisi akasema, akimwita kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. “Mzee hajambo?”

“Hajambo, Mzee Idrisi. Nimekuja kwa ajili ya Taiga. Nimeona haya kuja mapema.”

“Taiga ameshonwa, anakula, analala. Ninauliza habari za mzee mwenzangu. Ulikuwa mwanguko mbaya ule.”

Susan alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Upole huo ulimkuta hana kinga, akajikuta anaeleza yote: kwamba mzee hatoki, kwamba mguu unakauka, kwamba watu wanamwambia atie sumu, na kwamba mbwa akifa anahofia baba yake atamfuata. Idrisi alisikiliza huku akifuta kisu. Susan alipomaliza, akamwonyesha mlango wa nyuma. “Pita zizini. Daktari yuko huko anamtazama sikio. Mwambie hayo uliyoniambia.”

Daktari wa mifugo alikuwa msichana aliyevaa hijabu ya kijani na gambuti za mpira, jina lake Aaliyah. Alikuwa amepiga magoti akikagua nyuzi kwenye sikio la Taiga, na Taiga amelala ubavu kama mtu anayesukwa nywele. Aaliyah alisikiliza bila kuinua macho.

“Anapomwona mbwa mwingine,” akauliza, “hufanya nini kwanza? Kabla hajabweka, kabla hajaruka.”

Susan alifikiri. “Sijui.”

“Basi jambo la kwanza ni hilo, umtazame. Utaona anaganda. Mdomo unafunga, masikio yanakwenda mbele, hata kupumua utadhani ameacha. Akishafika hapo, hakusikii tena. Ukimpiga wakati huo unamfundisha kitu kimoja, kwamba kila anapoonekana mbwa mwingine, yeye huumia.”

“Sasa nifanye nini?”

“Utafute umbali. Kuna mahali, hata kama ni mbali sana, ambapo anamwona mwenzake na bado anaweza kula. Hapo ndipo mnaanzia. Akimwona, mpe kipande cha nyama. Akimwona tena, mpe tena. Usimwambie chochote, usimvute, usimkaripie. Siku atakayomwona mwenzake kisha akakugeukia wewe mwenyewe, ujue amefikiri. Hapo unaweza kusogea kidogo. Kidogo tu.” Akatoa kwenye begi lake kikapu cha ngozi cha kufunika mdomo, chenye nafasi za kupenyeza vidole. “Na hiki avae kila mnapotoka. Anaweza kupumua na kula. Kung'ata hawezi.”

“Na huyo mbwa wa kumwangalia nitampata wapi? Mbwa gani atakaa ametulia?”

Idrisi alikuwa amesimama mlangoni. “Taiga amezeeka,” akasema. “Hana haraka ya kwenda popote. Nikishasali alasiri nitamfunga pale kwenye nguzo ya zizi, mimi nitakaa kwenye kigoda. Wewe uje na askari wako kutoka upande ule mwingine. Na nyama usinunue, kuna mapafu.”

Idrisi hakuwahi kumshika Taiga. Dini yake ilimfundisha kujitenga na mate ya mbwa, na yeye aliifuata. Alimwekea chakula kwenye sufuria yake, akamwita kwa jina, akamsemesha siku nzima, na alipomfunga alimrushia kitanzi cha kamba kama mtu aliyezoea. “Simshiki,” alimwambia Susan baadaye, “lakini tunaelewana.”

Zizi lilipakana na kiwanja cha soko la mbuzi, kikubwa na kitupu siku zisizo za soko. Jioni ya kwanza Susan aliingia kwa upande wa mbali na Sajini mwenye kikapu mdomoni, kamba imara badala ya mnyororo, na mapafu yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama njugu. Taiga alionekana ng'ambo kama kifurushi cha rangi ya majivu. Sajini aliganda vilevile kama Aaliyah alivyoeleza. Susan akampa nyama. Ikaanguka chini, hakuiona. Wakarudi nyuma. Akampa tena, ikaanguka tena. Wakarudi hadi wakatoka kiwanjani, wakavuka barabara ya vumbi, wakasimama kwenye ua wa kanisa chini ya miti ya mukima. Kutoka hapo Taiga alikuwa nukta. Sajini aliitazama nukta, akapumua, akala.

Basi walianzia huko, kwenye ua wa watu wengine, barabara nzima ikiwa katikati. Waumini waliokuja mazoezi ya kwaya walimsalimia Susan na kumtazama mara mbili.

Nyumbani mzee alifuatilia habari kwa kejeli. “Mbwa analishwa kama bwana harusi,” alisema alipomwona binti yake akikata mapafu. “Mimi nilimlea kwa fimbo moja na mlo mmoja.”

“Ndiyo, Baba,” Susan alijibu, akaendelea kukata.

Wiki zikapita. Wakavuka barabara kurudi. Wakasimama ukingoni mwa kiwanja, kisha ndani yake kidogo. Kulikuwa na siku mbaya ambazo Sajini aliunguruma bila sababu na wakalazimika kurudi kwenye mukima. Susan alijifunza kumsoma kuanzia mkiani hadi puani. Na jioni moja, Idrisi akiwa anasinzia kwenye kigoda, Sajini alimtazama Taiga, akameza mate, kisha akageuza kichwa chake kikubwa taratibu na kumtazama Susan. Hakuitwa. Hakuvutwa. Susan alimpa vipande vyote vilivyobaki kwa mkupuo. Alirudi nyumbani akitamani kumweleza mtu, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa baba yake, amesinzia kwenye baraza na redio ikiongea peke yake.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Gachoki aliporudi likizo, Susan alitaka aone. Jumamosi wakaenda kiwanjani wote watatu, na kwa kuwa Sajini alikuwa hapendi kikapu, na kwa kuwa mambo yalikuwa mazuri, akamvua. Akamsogeza karibu kuliko siku yoyote. “Tazama sasa,” akamwambia mumewe, “tazama atakavyonigeukia.”

Mbwa wawili wa kuzurura walitokea nyuma ya kinu cha posho, wakija mbio huku wakibweka. Sajini aliruka. Susan aliivuta kamba kwa nguvu zake zote, na Sajini, akiwa katikati ya ghadhabu yake, akageuka akang'ata kilichokuwa karibu. Kilikuwa mguu wa Susan, chini ya goti. Aliachia mara moja, lakini damu ilikuwa imeshatoka. Gachoki aliwafukuza wale mbwa kwa mawe, kisha akamkalisha mkewe chini.

Hospitalini waliosha kidonda, wakashona, wakauliza kuhusu chanjo. Sajini alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa, na Aaliyah alithibitisha kwa simu. Hata hivyo Susan alichomwa sindano zake. Gachoki hakugomba. Alisema tu, walipokuwa wakirudi, “Yule mbwa ni wa mzee. Mzee ndiye atakayesema.”

Mzee Muthamia aliiona bandeji. Akaitazama muda mrefu. Akaomba simu, akampigia Mwongera kule Githongo. “Njoo na pikapu,” alisema kwa Kimeru, maneno yakitoka safi kuliko siku zote tangu augue. “Umchukue Sajini. Umpeleke mwenyewe kwa daktari wa mifugo, amalize kazi. Nasema umpeleke, usimwachie mtu na mawe.”

Akamrudishia Susan simu. “Amemng'ata mtoto wangu,” akasema. “Imetosha.”

Susan alikaa kwenye ngazi ya baraza. Mguu ulimuuma, na ndani yake kulikuwa na sauti iliyosema sawa, na iwe hivyo, ulifanya ulichoweza. Sajini alikuwa amejikunja pembeni, kichwa chini ya kiti cha mzee, bila hata kunusa sahani yake. Susan alimtazama baba yake na akaona namna alivyokuwa akiiangalia njia ya kwenda getini, kama njia isiyomhusu tena.

“Hapana,” akasema.

“Unasemaje?”

“Nasema hapana, Baba. Nilimvua kikapu. Nilimharakisha hadi pale asipopaweza, nikitaka sifa. Hilo ni kosa langu, mbwa asiuawe kwa hilo.” Akavuta pumzi. “Kama unataka aondoke, sawa, ni wako. Lakini hujawahi hata siku moja kuja kuona anachofanya. Njoo uone kwanza. Mwongera akija, utamwambia ulichokiona.”

Mzee alijivuta hadi ukingoni mwa kiti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika, “Bakora yangu iko wapi?”

Ilichukua muda kufika kiwanjani siku iliyofuata. Baba aliburuta mguu wa kushoto, binti akachechemea kwa wa kulia, na kati yao Sajini alitembea polepole akiwa na kikapu mdomoni, akiwatazama wote wawili kwa zamu. Gachoki aliwafuata kwa mbali, wasione haya kwamba anawaona wakipata taabu. Idrisi alipowaona aliinuka kutoka kwenye kigoda chake. “Karibu, mzee mwenzangu!” akaita kutoka ng'ambo. “Leo nani anampeleka nani?”

“Hata sisi hatujui!” mzee akajibu.

Susan aliwapeleka mbali, nyuma kabisa ya pale walipokuwa wamezoea kusimama. Lakini mambo yalikwenda vibaya tangu mwanzo. Sajini alimwona Taiga akaganda. Susan alikuwa ameizungusha kamba kwenye ngumi mara kadhaa, kiasi cha vidole kubadilika rangi, na hakujua kwamba anaivuta. Alijua tu kwamba moyo unamwenda mbio. Sajini akaanza kuunguruma, mahali ambapo wiki iliyopita alikuwa akila. Wakarudi nyuma. Hata walipofika chini ya mukima ya kanisa, akazidi kuunguruma.

“Ndicho hiki nilichoitiwa?” mzee akauliza.

“Baba, subiri.”

“Lete hapa kamba.”

“Atakuangusha tena.”

“Funga mwisho wake kwenye mti. Akiruka atauangusha mti.”

Hilo lilikuwa na maana. Susan alifunga mwisho wa kamba kwenye shina la mukima, akaacha nafasi, na sehemu ya katikati akampa baba yake. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa na bakora, kwa hiyo kamba ilikwenda kwenye mkono wa kushoto, ule uliolala. Vidole havikuweza kufumba. Kamba ilikaa tu kiganjani, kama kitu kilichowekwa juu ya meza, ikaning'inia hadi chini.

Sajini aligeuka kuona kwa nini shingo yake imekuwa nyepesi. Akaunusa ule mkono. Akatazama ng'ambo alikokuwa Taiga, akasimama hivyo kwa muda, masikio mbele. Kisha mbwa akajitikisa mwili mzima, kuanzia kichwani hadi mkiani, kama aliyetoka mtoni, akakaa kitako kando ya gambuti za mzee.

Susan aliitazama kamba iliyolegea. Akaangalia kiganja chake, palipobaki alama nyekundu za kamba.

“Ni mimi,” akasema. “Baba, mimi huivuta. Ninamwambia kwa kamba kwamba kuna hatari.”

“Na mimi nitaivutaje?” mzee akasema. “Mkono wenyewe haunisikii.”

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, na mate kidogo yalimtoka, lakini kilikuwa kicheko chake cha zamani kabisa, na Susan hakuwa amekisikia tangu hospitalini. Akampa mzee kipande cha pafu. Mzee akahamisha bakora kwapani, akaegemea mti, akamlisha mbwa wake kwa mkono wa kulia. Jioni hiyohiyo alimpigia Mwongera akamwambia asije, kahawa isiachwe.

Tangu siku hiyo walifanya kazi wakiwa wawili. Aaliyah alikuja kuwatazama, akaongeza ukanda wa kifuani na kamba ya pili, ndefu, ambayo Susan aliishika kwa nyuma na kuapa kutoivuta ila kwa dharura. Mzee alishika ile ya mbele kwa mkono wake uliolala. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mchana kiwanja kilikuwa tope, lakini jioni nyingi kulikuwa na saa ya jua. Walisogea polepole. Mzee alionekana kuwa na subira ambayo Susan hakuijua. Labda ni kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kwenda haraka. Alipoona mdomo wa Sajini umefunga, alisema, “Turudi,” bila aibu yoyote, na wakarudi.

Siku moja alisema anataka kutoa nyama kwa mkono wa kushoto. Kipande kilianguka. Kikaanguka tena. Sajini alikiokota chini kwa ulimi kupitia kikapu na kungoja kingine. Daktari wa viungo alikuwa amempa mzee mpira wa kubinya, na mpira ule ulikaa dirishani kwa miezi ukikusanya vumbi. Mapafu ya Idrisi hayakukusanya vumbi. Kufikia Krismasi kidole gumba na cha shahada viliweza kubana kipande kidogo kikafika mdomoni mwa mbwa, si kila mara.

“Atakuja kucheza na mbwa wenzake?” Susan alimuuliza Aaliyah, wakiwa wamesimama hatua chache tu kutoka zizini, Taiga akiwa amelala na Sajini akiwa amewapa mgongo.

“Sidhani,” Aaliyah akasema. “Huyu hakulelewa na wenzake. Hata mimi kuna watu napita karibu nao bila kutaka kunywa nao chai. Apite tu kwa amani, inatosha.”

Na alipita. Si siku zote. Kulikuwa na mbwa mmoja mdogo mweupe, wa nyumba ya pembeni, ambaye Sajini hakumvumilia kamwe, na walipomwona walibadilisha njia. Lakini mzee alifika tena barabarani, akapita kibanda cha mboga, akapita kinu. Yule jirani aliyeshauri sumu alisimama na mkungu wake wa ndizi akawaangalia wakipita, akasema “Haiya,” basi.

Jioni moja mwezi wa Aprili, mvua kubwa iliwakuta wakiwa mbele ya buchari. Haikutoa hata onyo. Ilishuka yote kwa pamoja, na watu wakakimbilia chini ya baraza la Idrisi, wateja, mwenye kuuza mahindi na jiko lake, watu wa bodaboda. Taiga alikuwa mahali pake chini ya benchi.

“Tuendelee, Baba,” Susan akasema. “Tutalowa tu.”

Mzee aliangalia barabara, ambayo tayari ilikuwa mto mwekundu. “Nitateleza,” akasema. Akamtazama Sajini, kisha akapanda ngazi ya baraza kwa bakora yake, ule mguu mmoja ukifuata, na mbwa akapanda naye.

Idrisi aliwaona. Alisogeza kigoda hadi mwisho wa baraza, mbali na benchi, na kuwaambia watu wawili wasimame katikati. Mzee akakaa. Susan aliishika kamba yake ndefu kwa vidole viwili, akajilazimisha kulegeza mabega. Sajini alimwona Taiga. Walikuwa hawajawahi kuwa karibu hivyo tangu siku ya ndoo. Mwili wake wote ulianza kutetemeka, na kelele za mvua kwenye mabati zilikuwa kubwa kiasi kwamba kama angeunguruma, hakuna ambaye angemsikia. Taiga alifungua jicho moja, akalifunga.

Mzee aliweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa cha mbwa, ukalala hapo kwa uzito wake wote. “Ĩĩ,” akamwambia taratibu, ile ndiyo ya Kimeru. “Ĩĩ, umemwona. Nami nimemwona.”

Sajini alitazama ng'ambo, akamtazama mzee, akatazama ng'ambo tena. Kisha akazunguka mahali pamoja, akajilaza juu ya gambuti za mzee, mgongo ukielekea benchi, na kutoa pumzi ndefu iliyosikika hata kwenye mvua.

Mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa akingojea nyama yake ifungwe, aliinama akamwangalia vizuri. “Mzee Idrisi, huyu si yule mbwa aliyetaka kumuua Taiga?”

“Ndiye,” Idrisi akasema, akichukua kisu. “Ulisema nyama ya mchuzi au ya kukaanga?”

“Ya mchuzi.”

Mvua iliendelea. Mwuza mahindi aligeuza mahindi yake, na harufu ikajaa baraza lote. Mzee akaagiza mawili, moja lake na jingine la Susan, na akamwomba Idrisi amweleze ni wapi Embu hii mtu anayekusudia kukaa anaweza kupata mbuzi wa maziwa asiyesumbua.